Punda Anakula Hata Jumamosi

Vijana wenzangu wenye mikokoteni, kwanza mnisamehe kwa mwandiko. Niliishia darasa la nane, na tangu hapo mkono wangu umeshika kamba kuliko kalamu, kwa hiyo herufi zangu nyingine zinasimama na nyingine zinalala. Maneno niliyoyakosea myasome vile yalivyotakiwa kuwa. Mwalimu Nyaga, mzee wa kanisa letu hapa karibu na Kiritiri, alijitolea kunisahihishia. Nilikataa kwa adabu, kwa sababu na yeye yumo ndani, na nilijua angeacha herufi aanze kusahihisha mambo.

Mimi naitwa Wawira. Nimestaafu. Watu wakisikia hivyo wanacheka, kwa kuwa bado ni kijana na meno yangu yote yapo. Lakini kazi niliyoianza nilipotoka shuleni, ya kuuza maji kwa mkokoteni wa punda, imeisha. Bomba limefika sokoni, kuna kioski chenye mifereji, na hakuna mtu atakayemngoja punda apande kilima wakati maji yanatoka ukutani. Wiki ijayo naenda Timau kwenye shamba la maua. Wanasema kule ni baridi mpaka mtu analala na soksi. Kabla sijaondoka, Pasta aliniomba niwaandikie ninyi mnaobeba maji kule chini ambako bomba halijafika. Alisema niandike kuhusu kazi. Nitaandika kuhusu kazi, lakini ipo Jumamosi moja ambayo siwezi kuiruka, na nadhani hata Pasta alijua hivyo.

Aliyenifundisha ni Baba Ireri, jirani yetu. Punda alikuwa wake na mgongo wake ulikuwa umemshinda. Yeye alikuwa mtu wa maneno machache, mimi nilikuwa mtu wa kutosema kabisa, kwa hiyo tulielewana vizuri. Punda aliitwa Meneja, kwa sababu alitembea kama mtu anayechelewa mkutano ambao hautaki.

Siku ya kwanza nilipakia mitungi yote nyuma, kwa kuwa nyuma ndiko kulikokuwa karibu na mimi. Nilipoweka wa mwisho, mikono ya mkokoteni iliinuka, na Meneja akainuka nayo, miguu ya mbele ikipiga hewa. Watu wa pale mtoni walikufa kwa kicheko. Baba Ireri alikuja polepole, akatoa mitungi miwili, Meneja akashuka.

"Umempeleka mbinguni kabla ya siku yake," akaniambia. "Anza kupakia mbele, halafu katikati, nyuma iwe ya mwisho. Uzito ukae juu ya gurudumu."

Hayo ndiyo masomo yangu ya chuo. Mengine nawapa hapa kwa haraka. Kunja gunia mara mbili uliweke chini ya nira, na uligeuze kila safari, la sivyo utamtoboa punda shingo na hutakuwa na kazi wala punda. Weka karatasi ya nailoni chini ya kifuniko cha mtungi, kwa maana barabara yetu ya mawe inafungua vifuniko yenyewe. Tembea na jiwe la kuzuia gurudumu. Usiseme utaokota jiwe njiani. Mawe yapo kila mahali hapa Mbeere isipokuwa pale mkokoteni unaporudi nyuma.

Shida yangu kubwa ilikuwa sauti. Muuza maji lazima apige kelele watu watoke na mitungi yao, na mimi nikifungua mdomo mbele ya watu unakauka. Wiki ya kwanza nilirudi nyumbani na maji niliyotoka nayo. Baba Ireri hakuniambia nijikaze. Alitafuta kengele ya mbuzi, akaifunga shingoni mwa Meneja. Tangu siku hiyo punda alinisemea. Akina mama wakisikia kengele wanatoka, nami nasimama upande wa pili wa punda nikijifanya nakagua tairi.

Sasa kuhusu Jumamosi. Baba Ireri alikuwa muumini wa kanisa letu, na kanisa letu linatunza Sabato ya siku ya saba. Amri hiyo haimsahau mnyama wa kazi. Ijumaa jua likielekea kuzama, Baba Ireri alimvua Meneja kengele, akaitundika kwenye msumari mlangoni. Ndiyo ilikuwa ishara. Kengele ikitoka, Meneja anatikisa masikio, anajilaza, na hapo hata umwashie moto haamki mpaka Jumapili. Mimi nilipobatizwa katika kanisa hilo nilijifunza amri zote kwa shida, lakini hii ya nne nilifundishwa na punda.

Wateja hawakuipenda. Mama mmoja wa hoteli alikuwa ananiita kila Jumamosi nikipita na gauni langu la kanisani.

"Wawira! Huyo Mungu wako hasikiagi kiu?"

Nilitembea haraka tu.

Mzee ninayetaka kuwaeleza ni Guka Njiru, yaani babu, kama tunavyomwita sote. Ni mfugaji wa mbuzi, mrefu, mwembamba, kofia yake ina tundu ambalo anasema ni dirisha. Mkewe, Cucu Ciarunji, alikuwa muumini wa siku nyingi. Alimwomba mumewe abatizwe, na Guka alikuwa akisema mwaka ujao, mwaka ujao, mpaka Cucu akafa. Baada ya mazishi Guka alikuja kanisani mwenyewe, akakaa kwenye benchi la mkewe. Alimwambia Mwalimu Nyaga, "Nataka kuwa upande aliko Ciarunji. Niambie kinachotakiwa."

Mwalimu Nyaga ndiye aliyekuwa akifundisha darasa la ubatizo. Alifundisha shule ya msingi miaka mingi, na suruali yake ina mkunjo unaoweza kukata mkate. Ni mtu mwema. Ndiye aliyempeleka Guka hospitalini kifua kilipombana. Lakini katika mambo ya sheria hakupunguza hata nukta. Alimfundisha Guka kwamba wokovu ni zawadi, ndiyo, lakini zawadi hiyo hukaa na mtu anayetii, na aliyevunja amri moja amezivunja zote. Guka aliacha ugoro. Aliacha kuapa kwa jina la mama yake. Ila kila Mwalimu alipomwambia azitaje amri, moja ilimponyoka, na kila wiki ilikuwa nyingine.

"Mwalimu," aliuliza siku moja, nami nilikuwa nafagia nikasikia, "hii niliyoisahau leo, nikifa nayo imesahaulika, nimepotea?"

"Kuisahau si kuivunja, Guka."

"Na nikiivunja kwa sababu nimeisahau?"

Mwalimu alivua miwani akaifuta. "Tutaendelea wiki ijayo," akasema.

Mwishowe alikubaliwa. Pasta wetu ana makanisa mengi, anatoka Embu kwa pikipiki, na hutujia mara chache kwa mwaka. Ubatizo wa Guka ulipangwa Sabato ambayo Pasta angekuwapo. Guka alikuwa ametoka hospitalini juzi tu, na wote tuliona anavyopumua. Hakuna aliyesema, lakini hakuna aliyefikiri kwamba ingefaa kungoja ziara nyingine.

Mwaka huo mvua ilikuwa imetukwepa kabisa. Birika la ubatizo liko nyuma ya kanisa, ni shimo la saruji lenye ngazi. Mimi na Meneja tulilijaza Alhamisi na Ijumaa yote, safari juu ya safari, mpaka punda akawa ananiangalia kama mtu anayetaka maelezo. Maji ya wazi wakati wa ukame hayaachwi peke yake, kwa hiyo Guka alisema atakaa pale na fimbo yake. "Ni maji yangu," alisema, "wacha niyachunge." Tulimwachia blanketi na uji, jua lilipoanza kushuka nikaenda kuvua kengele.

Asubuhi nilifika mapema kufagia. Guka alikuwa amekaa ukingoni mwa birika, miguu ndani. Miguu haikuwa imelowa. Chini kulikuwa na tope la kufunika kisigino, na juu ya tope vinyesi vya mbuzi, vidogo, vimetapakaa kama pojo iliyomwagika.

"Guka," nikasema.

"Ninajua," akasema. "Subiri Mwalimu aje, nisieleze mara mbili. Pumzi yenyewe si nyingi."

Mwalimu alikuja amevaa suti, Pasta nyuma yake, na watu wakaanza kujaa.

"Guka, maji yako wapi?"

"Yamenywewa."

"Na nani?"

"Na mbuzi."

"Mbuzi wa nani?"

"Sikuwauliza. Walikuwa wanapita."

Basi akaeleza. Jua lilipokuwa linazama alipita mwanamume kutoka nyanda za chini akipeleka kundi lake juu kutafuta malisho. Kundi kubwa, mbavu nje. Mbuzi walinusa maji, wakaacha njia, wakaja mpaka kwenye ukingo wakaanza kulia. Mwenyewe alijaribu kuwarudisha kwa mawe. Guka aliinuka na fimbo yake.

"Nilisimama kuwafukuza," akasema. "Kweli nilisimama. Halafu mmoja, jike lenye mimba, akaniangalia. Mwalimu, wewe ni mtu wa vitabu, hujui mbuzi mwenye kiu anavyoangalia. Nikaweka fimbo chini. Nilifikiri watakunywa kidogo. Lakini walikuwa wengi, na mbele yangu hakuna mbuzi atakayekunywa na mwingine akose. Walioshuka ngazi wakashuka. Yalipokwisha, yule mwanamume alilia, nami nikamwambia nenda, nenda, kabla sijalia na mimi."

Mtu mmoja nyuma alicheka akajizuia. Guka alimgeukia Mwalimu, na sasa hakuwa na mzaha.

"Na Sabato ilikuwa imeingia. Kwa hiyo niambie. Nimevunja?"

Watu wote walimwangalia Mwalimu Nyaga. Mimi niliangalia viatu vyangu. Niliogopa, kwa sababu nilijua Mwalimu hasemi uongo hata wa kufariji. Midomo yake ilitembea kama anayesoma.

"Bwana mwenyewe," akasema polepole, "alipogombana na wenye sheria, aliwauliza ni nani kati yao asiyemfungua mnyama wake siku ya Sabato akampeleka kunywa. Kwa kunywesha mnyama hukuvunja kitu, Guka." Akavuta pumzi. "Lakini hatuna maji."

"Wawira," Pasta akaniita, "punda yuko wapi?"

Kufungua punda akanywe ni kitu kimoja. Kumfunga nira akabebe mitungi Jumamosi ni kingine kabisa, na mkono wa kumfunga ulikuwa wangu. Nilimtazama Mwalimu. Hakuniambia ndiyo wala hapana. Nilimtazama Guka akipumua. Nikaenda.

Nilichukua kengele kwenye msumari, nikamfunga Meneja shingoni. Aliiangalia kengele. Aliliangalia jua. Halafu akajilaza chini, ubavu wote, akanyoosha miguu kama marehemu. Nilivuta. Baba Ireri alitoka na fimbo ya kutembelea akavuta pia, na mgongo wake ule. Watu walitufuata, vijana wakasukuma kwa nyuma. Meneja alifumba macho.

"Mwalimu!" kijana mmoja akaita. "Huyu ndiye aliyeshika mafundisho yako kuliko wote!"

Kanisa zima lilicheka, na Mwalimu alicheka mpaka akashika ukuta. Nilirudi kwa Guka bila punda. Alikuwa peke yake na Pasta, na Mwalimu akaja nyuma yangu akijifuta machozi. Guka alikuwa anamuuliza Pasta, "Sasa nikifa kabla maji hayajapatikana, niko wapi?"

"Upande aliko Ciarunji," Pasta akasema.

"Pasta," Mwalimu akaingilia, "tusimwambie mtu kwamba utii si kitu."

"Sijasema si kitu."

"Umesema yuko naye bila huo utii."

Guka akainua mkono. "Ngojeni. Nyinyi mmesoma, mtafika jioni. Wawira, nikuulize wewe. Huyo punda, leo amekula?"

Mdomo ulikauka. Sikuwa na kengele. "Amekula, Guka. Mabua ya mtama."

"Kwa kazi gani?"

"Hakuna kazi. Ni Jumamosi."

"Sasa kwa nini umempa?"

"Ni wetu," nikasema.

Guka aliitikia kwa kichwa taratibu. Lakini Mwalimu Nyaga, ambaye hajawahi kuacha swali likiwa nusu, aliniinamia kama nilipokuwa darasani.

"Na kesho, Wawira? Akikataa kesho?"

"Nitamgombeza, Mwalimu."

"Utamnyima chakula?"

"Hapana."

"Na akikataa kila siku, wiki yote, hataki kubeba hata mtungi mtupu?"

Nilifikiri, kwa sababu Meneja aliwahi kunifanyia hivyo. "Hapo nitajua ni mgonjwa," nikasema. "Punda mzima aliyeshiba anabeba. Nitamwita daktari wa mifugo."

"Sawa!" Mwalimu akapiga makofi. "Kwa hiyo kubeba ni lazima!"

"Chakula kilitangulia!" Guka akasema, na akaanza kukohoa kwa kicheko.

Pasta alituangalia sisi watatu, akasema kama tunataka kubatiza mtu siku hii tuache punda apumzike. Mwalimu alivua koti. Alilikunja vizuri, akaliweka juu ya benchi, akachukua mtungi wa njano uliokuwa karibu nami.

"Mwalimu, hiyo si kazi?" mtu akamuuliza.

"Kazi ni ile ya sokoni," akasema. "Hii ni ibada inayolowesha."

Basi tulienda mtoni kanisa zima, akina mama na mitungi mgongoni kwa kamba za kichwani, wanaume na ndoo, watoto na vikombe vya chai, kwaya ikiimba huku ikihema. Yule mama wa hoteli alisimama mlangoni akatutazama. Halafu akaingia ndani, akatoka na sufuria yake kubwa kuliko zote, akajiunga na mstari. "Leo nimesikia kiu yake," akasema akinipita.

Tulizoa tope kwanza. Maji hayakujaa. Yalifika magotini, na mtu hazamishwi ndani ya maji ya magoti akiwa amesimama. Nilimwambia Pasta kwa sauti ya chini kwamba akimkalisha Guka kwenye ngazi ya mwisho kisha amlaze, yatatosha. Ndivyo walivyofanya. Mwalimu Nyaga aliingia na suruali yake ya mkunjo, akashika miguu. Guka alienda chini yote, kofia tu ndiyo iliyobaki juu ikielea na dirisha lake. Alipotolewa, alikaa akipangusa uso, na sote tukangoja atakachosema.

"Yana ladha ya mbuzi," akasema. Halafu akaangalia lile benchi la mkewe lililoonekana kupitia mlango wa nyuma, akaanza kulia, na Mwalimu akaanza kulia, na hapo kwaya ikaimba tena kwa sababu hakuna mwingine aliyejua la kufanya.

Hiyo ndiyo Jumamosi niliyosema siwezi kuiruka. Baada yake nilibeba maji miaka mingine, yenye mashimo yake na tairi zake, na nilijifunza kupiga kelele kidogo, ingawa kengele haikutoka shingoni. Baba Ireri aliniachia punda moja kwa moja. Guka Njiru bado yupo. Kifua kilitulia, daktari hajui kwa nini, na kila Sabato baada ya ibada yeye na Mwalimu wanakaa kwenye benchi la Cucu Ciarunji wakibishana lile lile. Mwalimu anasema, "Kubeba ni lazima." Guka anasema, "Chakula kilitangulia." Nimewasikia wakibadilishana pande bila wenyewe kujua. Amri ya kumi inampotea bado.

Meneja naye amestaafu. Kuna watu wanamwambia baba yangu amuuze, kwa maana tangu bomba lifike hajabeba hata kikombe. Baba aliniuliza juzi tunamweka wa nini. Nilimjibu kwa sauti iliyosikika mpaka kwa jirani, jambo lililotushangaza sote wawili: ni wetu. Jioni hiyo, ambayo ilikuwa Jumamosi, nilimwekea mabua. Alikula yote, kisha Jumapili alfajiri akaja mwenyewe akasimama kati ya mikono ya mkokoteni, kichwa chini, akangoja nimfunge. Hakukuwa na cha kubeba. Tulizunguka naye mpaka kanisani na mkokoteni mtupu tukarudi, kengele ikilia, akina mama wakitoka na mitungi wakituona na kucheka.

Nikiwa Timau, Guka ndiye atakayemlisha. Niandikieni, ninyi mnaobeba bado, barua mpeni Pasta atanifikishia. Msiogope mwandiko, mmeuona wangu. Niambieni punda zenu wanaitwaje, gunia la shingoni mnaligeuza au hamligeuzi, na kama ninyi mngekuwa mimi asubuhi ile, mngemfunga nira au mngemwacha alale?